Hisa za Benki na Funzo la Glasgow
Niwasikiapo wanahisa wadogo wakilalamika kwamba hisa za benki zimeshuka bei na gawio limekauka, huikumbuka Uskoti ya mwaka 1878. Mwezi Juni, City of Glasgow Bank ilitangaza gawio la asilimia 12. Tarehe 2 Oktoba milango yake haikufunguliwa. Hesabu zilikuwa zimeghushiwa ili kuficha mikopo mikubwa iliyolundikwa kwa wadaiwa wachache. Kwa kuwa dhima ya wanahisa haikuwa na ukomo, kila mwenye hisa za pauni 100 alidaiwa pauni 2,750. Kati ya wanahisa 1,819, ni 254 tu walionusurika kufilisika. Wakurugenzi walifungwa gerezani.

Mwaka 1879 Bunge la Uingereza lilitunga sheria iliyoziwezesha benki kuiwekea dhima hiyo ukomo, kwa sharti kwamba zitakazosajiliwa hivyo zikaguliwe hesabu kila mwaka. Ndiyo maana leo mwanahisa hupoteza alichowekeza, si nyumba yake. Lakini naona tumeienzi kinga na kulisahau sharti. Apokeaye gawio bila kusoma mizania, wala kuhudhuria mkutano mkuu, amewaachia ulinzi wa mali yake wale wale anaopaswa kuwahoji.