Bachata Rosa ni safi, lakini usafi huo ulilipiwa na nani?

Tangu Spotify ilete Lossless Septemba 2025, kila msee amegeuka fundi wa sauti. Mnaniuliza albamu gani ni poa ya kujaribia hizo hedifoni mpya. Jibu langu ni moja tu: Bachata Rosa ya Juan Luis Guerra na kundi lake la 4.40, iliyotoka 1990. Lakini kabla hujaipiga, elewa kwanza kwa nini iko safi hivyo. Hiyo story si tamu kama nyimbo zenyewe.

Twende Jamhuri ya Dominika. Dikteta Rafael Trujillo alishika nchi kuanzia 1930, na muziki aliousukuma ulikuwa merengue ya bendi kubwa. Aliuawa Mei 1961. Mwaka uliofuata, José Manuel Calderón akaingia studio na nyimbo za gitaa na machozi ya mapenzi, na hizo ndizo huhesabiwa kuwa bachata za kwanza kurekodiwa. Neno "bachata" lenyewe lilikuwa tu jina la sherehe ya uani: watu, kinywaji, gitaa. Wenye pesa wakaligeuza tusi. Kwao huu ulikuwa muziki wa washamba waliohamia mitaa ya mabanda, muziki wa baa na madanguro. Redio kubwa ziliupuuza. Aliyeupa nafasi ni Radhamés Aracena, na redio yake, Radio Guarachita.

Sasa niambie, muziki uliokataliwa hurekodiwa vipi? Haraka haraka, kwa pesa kidogo, mahali pa bei nafuu. Kisha unauzwa kwa santuri ndogo sokoni na kupigwa kwenye baa mpaka sindano inaukwaruza. Hao wapiga gitaa walikuwa wakali, manze. Lakini rekodi zao nyingi zinasikika kama mtu anaimba akiwa amejifunika blanketi.

Guerra alitoka upande mwingine wa mji. Alisomea jazz Berklee, Boston, akamaliza 1982. (Alimaliza chuo, eeh. Yangu mnaijua.) Hata hilo jina 4.40 linatokana na hesabu ya sauti: Hz 440, noti ambayo vyombo hutuniwa nayo. Huyu jamaa akachukua gitaa na bongo za baa, akaziingiza studio ya maana, akazipangia sauti za kuitikia, akaandika maneno ya kimahaba yenye picha za ajabu, kama yule mpenzi wa Burbujas de Amor anayetamani kuwa samaki. Nakala zikauzwa mamilioni, na 1992 albamu ikachukua Grammy. Ghafla, watu wale wale waliokuwa wakizima redio wakaanza kucheza bachata sebuleni.

Na cheki hii: nyimbo kadhaa humo si bachata hata kidogo. La Bilirrubina ni merengue. A Pedir Su Mano inatoka huku kwetu Afrika. Ni Dede Priscilla ya Lea Lignanzi iliyovalishwa Kispanyola. Mwaka 1992 Guerra akarudia, akachukua Kimia Eve ya Diblo Dibala, yule mpiga gitaa wa Kongo ambaye wazazi wetu wamemcheza sana, akaigeuza El Costo de la Vida. Hapo sina noma, masikio yake yalikuwa wazi. Kinachoniuma ni kwamba jina lililobebwa kama tusi kwa miaka karibu 30 lilipata heshima siku lilipoimbwa na msomi, kwa sauti safi. 2019 UNESCO ikaiweka bachata kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Makofi kwa wote, sawa, lakini wengine walikuwa wameshazeeka.

Turudi kwa faili. CD huchukua vipimo vya sauti mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo biti 16, kushoto na kulia. Hiyo ni kilobiti 1,411 kwa sekunde, au karibu MB 42 kwa wimbo wa dakika nne. MP3 ya kilobiti 128 huufinya huo wimbo mpaka chini ya MB 4, kwa kutupa vitu inavyodhani sikio halitavikosa. FLAC hukunja bila kutupa, kama nguo kwenye begi. Tofauti utaipata kwenye güira, kile chuma kinachokwaruzwa ndani ya La Bilirrubina: kwa 128 kinakuwa kama mchanga wenye maji, kwa FLAC unasikia kila jino. Lakini tumia waya, bana. Bluetooth ya kawaida inaifinya sauti tena, kwa hivyo umelipia Lossless na haikufiki.

Na Calderón wa 1962 kwa FLAC? Bado ana ukungu. Lossless hulinda kilichoingia kwenye mkanda, na yeye hakupewa maikrofoni za Guerra. Wengi wenu mtasikia huo ukungu na kusema "quality mbaya" halafu mruke wimbo, vile vile wenye pesa wa Santo Domingo walivyofanya.

Kama data ni kidogo, zima Lossless. Kilobiti 320 inatosha, na wengi wetu tukifungwa macho hatutofautishi. MB zitakazobaki, tafuta Calderón, Luis Segura na Leonardo Paniagua.