Kocher na wagonjwa aliowaita tena

Leo naacha mbegu na mbolea kidogo, niwaelezee munganga mmoja wa Uswisi. Mutaona mwishoni kwamba sikuenda mbali na shamba.

Theodor Kocher alizaliwa Bern mwaka 1841, na mwaka 1872 akawa profesa wa upasuaji palepale. Wakati ule milima ya Uswisi ilijaa goita, ule uvimbe wa shingo wenye vitabu vinaita rovu. Udongo wa kule ni maskini wa iyodi, na tezi ya shingo ikikosa iyodi inavimba, mpaka mwingine anashindwa kupumua. Kuipasua kuliua wengi, juu ya damu na vidonda kuoza. Kocher alikuwa mutu wa polepole: alifunga kila mushipa mudogo, akafuata usafi wa Lister. Vifo vilishuka kutoka karibu 13 kwa wagonjwa 100 hadi chini ya mmoja mwishoni mwa karne.

Kwa daftari la hospitali, kazi ilikuwa safi. Mugonjwa ameingia na goita, ametoka bila goita, kidonda kimepona. Nani atauliza zaidi?

Januari 1874 alimutoa tezi yote musichana wa miaka 11. Baadaye munganga aliyemutuma alimujulisha kwamba mutoto amebadilika: amekuwa muzito, akili inarudi nyuma. Mutoto hakufika Bern kupimwa, na neno lililala hapo. Kocher aliendelea kutoa tezi nzima kwa wengine. Mahali hapa njo paniuma, juu habari ilikuwa imeshamufikia.

Septemba 1882, Jacques-Louis Reverdin, mupasuaji wa Geneva, alimwambia kwamba naye aliona mabadiliko kama hayo kwa wagonjwa wake. Safari hii Kocher aliwaita watu wake warudi. Kati ya 34 waliotolewa tezi yote, 18 walipimwa. 16 walikuwa wameharibika: uso umevimba, ngozi imekauka, baridi inawasumbua, maneno yanatoka polepole. Na yule musichana? Mudogo wake, aliyefanana naye zamani, alikuwa amemupita urefu. Yeye alibaki na kimo cha mutoto.

Aprili 1883 alisimama Berlin mbele ya wapasuaji wa Ujerumani na kuyasema yote. Aliupa ugonjwa jina, cachexia strumipriva, na akatangaza kwamba hatatoa tena tezi nzima kwa goita ya kawaida. Sababu aliyoitoa haikuwa ya kweli, alifikiri ni njia ya hewa iliyoumia. Lakini hesabu yake ilisimama. Mwaka 1891 George Murray, kule Uingereza, alianza kudunga wagonjwa wa namna hiyo maji ya tezi ya kondoo, na wakapata nguvu. Kocher alipewa Nobel mwaka 1909.

Kumbe ufundi wake njo uliwaumiza. Theodor Billroth wa Vienna alipasua haraka, na wagonjwa wake wengi walipata kukakamaa kwa misuli, si ule ugonjwa wa Bern. Mumarekani William Halsted, aliyewaona wote wawili wakifanya kazi, alieleza: Billroth alibakiza vipande vya tezi lakini aliharibu zile tezi ndogo za nyuma yake, Kocher alizilinda hizo, lakini tezi yenyewe hakubakiza kitu.

Sasa turudi kwetu. Miaka ya 1960, François Delange na wenzake walipima watu wa Idjwi, katika ziwa Kivu. Iyodi ilikosekana kisiwa kizima, lakini goita ilijaa kaskazini, na kusini-magharibi ilikuwa kidogo. Utafiti ulifika kwenye muhogo: sumu yake ikiingia mwilini inageuka kitu kinachozuia tezi kuchukua iyodi. Muhogo ukilowekwa vizuri na kukaushwa, sumu nyingi inatoka.

Katika memwari yangu ya licence nilipima kilo za muhogo kwa hektari. Mavuno yalipanda, jury ikafurahi, nami nikafunga daftari. Sikurudi hata siku moja kuwauliza wale wamama wanauloweka siku ngapi, wala nani anaula. Niko bado na namba za simu za watatu kati yao.