Ulinzi wa Wanyonge katika Historia ya Fiqhi: Wema wa Mlezi Haukuachwa Peke Yake

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyezaliwa yatima akalelewa na babu yake kisha ami yake, na ziwafikie Aali zake na Sahaba zake wote. Ama baad.

Katika miaka hii zimezidi semina zinazowafundisha walimu, wakiwemo walimu wa madrasa zetu, misingi ya kuwalinda watoto na watu wanyonge dhidi ya udhalilishaji. Humo husisitizwa kuwa mwalimu asikae faragha na mtoto, anayeajiriwa aulizwe kwanza habari zake, adhabu iwe na mpaka, mtoto awe na pa kushtakia, na habari ya dhulma ifikishwe kwa wenye mamlaka. Wako miongoni mwetu wanaosikiliza hayo kwa shaka. Husema kuwa ni mambo ya kuletwa, na kwamba kumwekea ustadh masharti kama hayo ni kumdhania vibaya mtu aliyebeba Qur'ani kifuani.

Ndugu msomaji, katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba maulamaa wetu waliyajua mambo haya na wakayaandika karne nyingi kabla ya semina hizo. Tena hawakuyajenga juu ya dhana mbaya. Walijua kuwa aliye mnyonge hawezi kujitetea, na kwa hiyo hawakuuacha ulinzi wake utegemee wema wa mlezi peke yake, hata kama mlezi huyo ni mwema.

Mali ya yatima na mashahidi

Tuanze na Qur'ani. Katika Surat an-Nisaa, aya ya 6, walezi wa mayatima wameamrishwa wawapime watoto hao mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakiiona busara kwao wawakabidhi mali zao. Kisha wakaamrishwa kuwa wakati wa kukabidhi waweke mashahidi. Tulizingatie jambo hili la mwisho. Mlezi anayezungumzwa hapa ni mtu aliyekwisha kuaminiwa: ama ni wasii aliyeteuliwa na marehemu mwenyewe, ama amewekwa na kadhi. Pamoja na hayo ameambiwa alete mashahidi.

Mafakihi walilichukua hili kwa uzito. Katika Minhaj at-Talibin ya Imam an-Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277), kitabu kinachojulikana sana katika darsa zetu za pwani, limo suala la yatima aliyebaleghe akagombana na wasii wake. Wakigombana juu ya matumizi ya kumlea, husadikiwa wasii, kwani haiwezekani kumwekea shahidi kila kibaba cha unga. Lakini wakigombana juu ya kukabidhiwa mali baada ya kubaleghe, anayesadikiwa ni mtoto, kwa sababu kushuhudisha kulikuwa kunawezekana na wasii hakufanya. Imam Abu Hanifa (R.A.) yeye humkubalia wasii kwa kiapo chake. Ama sisi tuliosoma kwa madhehebu ya Shafi'i tumelelewa juu ya kauli ya kwanza: mzigo wa hoja uko juu ya mwenye nguvu.

Jambo hili halikubaki vitabuni. Al-Kindi (aliyefariki mwaka 350 Hijria, sawa na 961), mwandishi wa habari za makadhi wa Misri, anaeleza kuwa kadhi wa kwanza huko kuziangalia mali za mayatima alikuwa Abdur-Rahman bin Muawiya bin Hudayj, aliyeshika ukadhi mwaka 86 Hijria (705). Huyu alimdhaminisha arifu wa kila kabila, yaani msimamizi wake, mali za mayatima wa kabila hilo, na habari hiyo ikaandikwa katika daftari. Basi zaidi ya miaka 1,300 iliyopita palikuwa na mambo mawili ambayo madrasa nyingi leo hazina: mwenye dhamana anayejulikana kwa jina, na maandishi.

Walimu wa Qayrawan

Kutoka katika mali twende kwenye mwili wa mtoto na nafsi yake. Mji wa Qayrawan, katika nchi ya Tunisia ya leo, ndiko kilikoandikwa kimoja katika vitabu vya mwanzo kabisa kuhusu hukumu za mwalimu wa watoto. Mwandishi wake ni Muhammad bin Sahnun (202-256 Hijria, sawa na 817-870), aliyekusanya zaidi majibu ya baba yake, Imam Sahnun, kadhi wa mji huo na mtungaji wa al-Mudawwana. Kitabu chake, Adab al-Muallimin, ni kidogo, lakini kimejaa mipaka. Katika kufundisha Qur'ani, mwalimu asizidishe fimbo tatu. Akivuka mpaka wa adabu na mtoto akafa, atalipa dia katika mali yake mwenyewe. Haimpasi kuwadai watoto zawadi juu ya ujira wake. Na Sahnun alichukia wasichana wachanganywe na wavulana katika masomo.

Baada yake akaja Abul-Hasan al-Qabisi (aliyefariki mwaka 403 Hijria, sawa na 1012), naye kipofu wa macho lakini mwenye kuona mbali. Alisisitiza kuwa mwalimu asipige akiwa na hasira, wala asipige kichwa au uso. Akaongeza jambo ambalo wengi wetu huona haya kulitaja: mwalimu awachunge wanafunzi wao kwa wao, na awe na hadhari na kijana anayekaribia kubaleghe ambaye ufisadi wake unahofiwa kwa wadogo. Al-Qabisi hakusema kuwa watoto waliomo katika kusoma Kitabu cha Allah hawawezi kudhuriana. Alijua wanaweza, akaagiza wachungwe.

Karne nne baadaye Ibn Khaldun (732-808 Hijria, sawa na 1332-1406) aliandika katika Muqaddima yake faslu nzima kuonyesha kuwa ukali juu ya wanafunzi huwadhuru. Mtoto anayelelewa kwa mabavu, anasema, hupoteza uchangamfu na hujifunza uongo na hila ili aepuke mkono wa anayemkandamiza. Mtoto aliyefunzwa kumwogopa mwalimu kiasi hicho, tunaongeza sisi, hatathubutu kusema siku atakapofanyiwa lililo baya zaidi kuliko fimbo.

Muhtasib na msindikizaji wa watoto

Zama za Salahuddin al-Ayyubi, katika karne ya 6 Hijria, Abdur-Rahman ash-Shayzari aliandika Nihayat ar-Rutba, mwongozo wa muhtasib, yaani msimamizi wa masoko na mienendo ya watu. Ndani yake mna mlango wa walimu wa watoto, baada ya milango ya waokaji, wachinjaji na matabibu. Ndiyo kusema kuwa mwalimu naye alikuwa chini ya uangalizi, kama yeyote anayewahudumia Waislamu.

Ameagiza walimu wafundishie katika maduka yaliyo kando ya njia na pembezoni mwa masoko, mahali wapita njia wanapoona. Mwalimu asimtume mtoto nyumbani kwake wakati nyumba ni tupu, ili asiingiwe na tuhuma. Asimtoe mtoto afuatane na mwanamke kwenda kumwandikia barua, kwani wako mafasiki wanaofanya hila kwa watoto kwa njia hiyo. Na anayewasindikiza watoto kwenda na kurudi awe mwaminifu, wa kutegemewa, mwenye mke; kwa sababu yeye huwapokea asubuhi na jioni, na hubaki nao peke yake mahali patupu.

Msomaji ayalinganishe maneno haya na yale ya semina. Mlango uwe wazi. Mtoto asiitwe nyumbani kwa mwalimu. Dereva wa basi la watoto achunguzwe kabla ya kuajiriwa. Na tuitazame sababu aliyoitaja: ili mwalimu asiingiwe na tuhuma. Kanuni hii inamkinga mtoto na dhulma, na inamkinga ustadh mwema na maneno ya watu. Mwenye nia safi hapotezi kitu mlango ukiwa wazi.

Heshima ni nzito kuliko mali

Huenda mtu akauliza: likitokea lenyewe, mtu akamwingilia mtoto au mwanamke kwa nguvu, maulamaa walisemaje? Imepokewa na Abu Dawud na Tirmidhi kutoka kwa Wail bin Hujr (R.A.) habari ya mwanamke aliyetoka kwenda kuswali, mtu akamshika njiani akamwingilia kwa nguvu. Alipiga kelele, akawaeleza watu waliopita, akafikishwa kwa Mtume (S.A.W.). Hakukemewa kwa kusema, wala hakuulizwa kwa nini alitoka. Aliambiwa aende, na kwamba Allah amemsamehe.

Na Kadhi Abu Bakr Ibn al-Arabi wa Ishbilia (468-543 Hijria, sawa na 1076-1148) anasimulia katika Ahkam al-Qur'an kesi iliyomfikia ya majambazi waliomteka mwanamke kutoka kwa mumewe na wenzake wa safari. Baadhi ya mamufti walimwambia kuwa hiyo si hiraba, kwani hiraba ni katika mali. Alistaajabu mno na kuwajibu kwamba kuvunja heshima ya mwili ni kubaya zaidi kuliko kupora mali, na kwamba watu wote wangeridhia kupoteza mali zao kuliko wake zao na binti zao kufanyiwa hivyo. Basi anayetaka jambo kama hili limalizwe barazani kwa fidia ya mbuzi na kupeana mikono ameliweka chini ya wizi wa kuku.

Sitara, au kuficha dhulma?

Hapa ndipo penye mtihani wetu. Mtoto anaposema kuwa amedhuriwa na mtu anayeheshimiwa, sauti ya kwanza kusikika ni: msitirini Muislamu, msiipake matope madrasa. Kumsitiri Muislamu ni ibada, hilo halina shaka. Lakini Imam an-Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, amebainisha kuwa sitara iliyopendekezwa ni kwa wenye sifa nzuri wasiojulikana kwa maudhi na ufisadi. Ama anayejulikana kwa hayo, habari yake hufikishwa kwa mwenye mamlaka, kwa sababu kumfunika humtia tamaa ya kuendelea. Na katika Riyadh as-Salihin ameorodhesha mambo sita yanayohalalisha kumtaja mtu kwa ubaya wake, likiwemo la mwenye kudhulumiwa kumshtaki aliyemdhulumu, na la kuwatahadharisha Waislamu na shari.

Dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake ndiyo ya kusitiriwa. Kilio cha mtoto kina mwenyewe, na haki ya mwenyewe hatuna mamlaka ya kuisamehe kwa niaba yake. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wako pia wanaodai mashahidi wanne. Idadi hiyo ni ya kuthibitisha hadi ya zinaa mbele ya kadhi. Mzazi anayempeleka mwanawe hospitali na polisi kwa kuwa ameumizwa hatafuti kusimamisha hadi ya zinaa. Anashtaki dhulma na kutaka mwanawe alindwe. Ni kweli kuwa Surat al-Hujurat imetuamrisha kuchunguza habari, na haijuzu kutangaza jina la mtu misikitini na vibarazani kabla ya uchunguzi. Lakini kuchunguza si kumweka mtoto mbele ya anayemtuhumu na kumhoji hadi akane. Kazi hiyo ina wenyewe.

Wajibu wetu leo

Utafiti wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2009 na kutangazwa 2011 uliwauliza vijana wa umri wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Hakuna msikiti unaoweza kusema kuwa jambo hili haliwahusu watu wake.

Makadhi wetu wa leo, Kenya na Zanzibar, husikiliza mambo ya ndoa, talaka na mirathi. Jinai hazimo katika mamlaka yao. Kwa hiyo shauri la namna hii si la kusuluhishwa kwa kadhi wala kwa imamu. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye habari ya kuvunjwa haki za mtoto aripoti kwa serikali ya mtaa. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2011, na Kenya ina ya mwaka 2022. Polisi Tanzania lipo Dawati la Jinsia na Watoto, Zanzibar vipo vituo vya Mkono kwa Mkono, na Tanzania na Kenya simu namba 116 hupokea habari za watoto bila malipo.

Kwa hayo tunawausia maimamu na kamati za madrasa yafuatayo. Kwanza, somo lisomeshwe mahali panapoonekana, na mtoto asiitwe faragha wala kutumwa nyumbani kwa mwalimu. Pili, kabla ya kumpokea ustadh mgeni, waulizwe wa kule alikotoka kwa nini aliondoka. Na anayeulizwa aseme kweli, asimhamishie jirani shari aliyoikimbia yeye. Tatu, mpaka wa adhabu uandikwe na wazazi waujue, na usivuke sheria ya nchi. Nne, ateuliwe mwanamume na mwanamke ambao watoto wanawajua na wanaweza kuwaeleza. Tano, mtoto akisema, asikilizwe kwa upole, afikishwe hospitali mapema, na habari ifike kwa wahusika siku hiyo hiyo. Na haya yamhusu pia mwenye ulemavu wa akili, mzee asiyejiweza na msichana wa kazi wa nyumbani, kwani wote hao wako chini ya mkono wa mwingine.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie kuwa walinzi wa amana hizi, awaponye waliodhulumiwa, na asitujaalie kuwa ngao ya madhalimu. Wallahu aalam, wabillahi tawfiq.