Sultan Hamud: Mji wa Kasikeu na Vita vya Dakika 38

Agosti 27, 2026 inatimia miaka 130 tangu manowari za Waingereza zilipolipiga mizinga kasri la Sultani wa Unguja. Huku Kasikeu, Makueni, yaelekea siku hiyo itapita kama siku nyingine zote. Hilo ni jambo la ajabu, kwa sababu mji ambao makanga wa barabara ya Mombasa hunadi kwa sauti "Sultan! Sultan!" umebeba jina la mtu aliyekalishwa kitini na mizinga hiyo, Hamud bin Mohammed. Reli ya Uganda ilipokuwa ikijengwa mwishoni mwa miaka ya 1890, alikuja kuitazama kazi, na mahali palipoitwa Maili 250 pakapewa jina lake. Mtoto wa shule akibahatika, huambiwa hayo tu.

Nilipouliza zaidi nilielekezwa kwa wazee wawili ambao hawaelewani. Mmoja ni mwalimu mstaafu wa historia, Mkamba na Mkristo. Mwingine ni ustadhi wa madrasa. Ugomvi wao unahusu swali moja: vita vya 1896 vilikuwa halali?

Ustadhi hupenda kuanzia mbali. Mkataba wa Hudaibiya wa mwaka 628 na wosia wa Khalifa Abubakar kwa jeshi la Sham, wa kutoua wanawake, watoto wala vikongwe na kutokata miti ya matunda, anavipitia haraka, akisema hivyo anavijua hata mwanafunzi wa juzuu amma. Anapokaa ni Basra, karne ya 7. Abdallah bin Ibadhi alijitenga na kundi la Nafi bin al-Azraq, lililohalalisha kuwaua Waislamu wasioliunga mkono. Kutoka kwake wakapatikana Waibadhi, dhehebu la masultani wa Unguja. Kwao, hata Mwislamu ukipigana naye, mali yake si ngawira na watu wa nyumbani kwake hawageuzwi mateka.

Kwa hiyo kizazi cha Sultani Seyyid Said wa Unguja kililelewa katika fikra yenye mipaka ya vita. Mipaka hiyo ilijaribiwa Agosti 25, 1896, alipofariki ghafla Sultani Hamad bin Thuwaini. Khalid bin Barghash aliingia kasrini na kujitangaza Sultani. Waingereza, waliokuwa wameiweka Unguja chini ya himaya yao tangu 1890, walimtaka Hamud. Hamad, Khalid na Hamud wote walikuwa wajukuu wa Seyyid Said, watoto wa ndugu watatu.

Khalid alikusanya watu wapatao 2,800, wakiwemo watumishi na watumwa waliogawiwa bunduki. Bandarini zilikuwapo manowari tano chini ya Admeri Harry Rawson, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ameishambulia Mwele, ngome ya Mbaruk bin Rashid nyuma ya pwani ya Gazi, na mwaka uliofuata angeiteketeza Benin. Alimpa Khalid hadi saa tatu asubuhi ya Agosti 27 ateremshe bendera yake. Khalid hakuamini kwamba wangefyatua. Saa tatu na dakika mbili wakafyatua.

Hesabu inayopendwa ni dakika 38. Watu wapatao 500 upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa, na upande wa Waingereza akaumia baharia mmoja. Meli ya Sultani, Glasgow, ilizama palepale bandarini, milingoti yake ikabaki juu ya maji kwa miaka. Mtaa wa Wahindi uliporwa.

Hapa ndipo wazee wetu hushikana mashati. Mwalimu anasema Khalid ana hatia: aliwaweka watumishi wasio na mafunzo nyuma ya kuta na mbao, akijua kilichokuwa baharini, kisha akakimbia. Ustadhi anakubali kwamba sheria inakataza kujitupa kwenye maangamizi, ila anauliza: aliyelenga mizinga kwenye nyumba yenye watumishi hana lawama? Mimi namuunga mkono ustadhi. Onyo la saa chache halimgeuzi mpishi kuwa askari.

Wanakubaliana kuhusu yaliyofuata, nami ningelipa nauli hadi Unguja kuonyeshwa mahali yalipotokea. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani pamoja na wafuasi kama 40. Waingereza wakaweka walinzi nje, wamkamate akikanyaga tu ardhi ya Unguja. Walimdai, Wajerumani wakakataa, kwani mkataba wao wa kukabidhiana wahalifu haukuhusu wakosaji wa kisiasa. Zaidi ya mwezi ukapita. Oktoba 2 maji yalijaa mpaka ukingoni mwa bustani ya ubalozi, mashua ya Kijerumani ikasogea langoni, naye akatoka bustanini akaingia mashuani bila kukanyaga ardhi ya Unguja. Manowari Seeadler ikampeleka Dar es Salaam. Kwa ustadhi hiyo ni amana ya ulinzi aliyoamrishwa Mwislamu katika Sura ya Tawba, kumpa hifadhi hata mshirikina aombaye na kumfikisha mahali pake pa salama. Wajerumani, anacheka, waliitimiza bila kuisoma.

Hamud alikuwa ameapishwa mchana uleule wa Agosti 27. Aprili 1897 alitia saini amri ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa. Khalid alikamatwa na Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akahamishiwa Shelisheli na St Helena, akafia Mombasa 1927. Usultani wenyewe uliondoshwa na mapinduzi ya 1964.

Kwa miaka ya karibuni ustadhi ana mfano mmoja tu wa hifadhi ya aina hiyo. Desemba 2015 watu wenye silaha walisimamisha basi la kwenda Mandera, wakitaka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Mwalimu Salah Farah, aliyekuwa miongoni mwao, alipigwa risasi, akafariki Januari iliyofuata.

Kituo cha reli ya zamani kingestahili bango la kumweleza msafiri Hamud alikuwa nani. Mwalimu anataka litaje amri ya utumwa na ziara ya reli, basi. Ustadhi anataka na jina la Khalid liwemo. Mara ya mwisho nilipowaacha, walikuwa wanabishania litaandikwa juu au chini.