Tumbako Ilivyofika Ziwani, na Jinsi Mwili Unavyoivunja

Watu wengi wa pande zetu za Mwanza hudhani ya kuwa tumbako ni mmea wa wazee wetu tangu asili, kama mtama na uwele. Sivyo. Kwao ni Marekani, ng'ambo ya bahari kuu. Baada ya safari ya Columbus ya mwaka wa 1492 Wareno waliieneza katika bandari nyingi za dunia, na jina lake likasafiri pamoja nayo. Kutoka pwani ilipanda bara mkono kwa mkono, kwa maana mbegu zake ni ndogo kama vumbi, wala hazimlemei msafiri. Hata Bwana Speke alipolitazama Ziwa mara ya kwanza karibu na Mwanza, tarehe 3 Agosti 1858, tumbako ilikuwa imekwisha zoeleka bara. Mwenziwe, Bwana Burton, aliandika habari za tumbako ya Usambara, iliyofinyangwa kama mikate midogo ya duara na kusifiwa sana Unguja.

Wenye kusaga ugoro huuchanganya na magadi. Ukiwauliza sababu, watakuambia ya kuwa pasipo magadi hauna ukali. Nao wasema kweli, ijapokuwa hawakusoma elimu ya kemia. Ndani ya jani nguvu ya tumbako imefungamana na asidi. Magadi huishinda asidi ile, nguvu ikawa huru, ikapenya upesi katika ngozi laini ya pua na kinywa. Nguvu hiyo yaitwa nikotini, kwa jina la Jean Nicot, balozi wa Ufaransa katika nchi ya Ureno, aliyepeleka tumbako kwao yapata mwaka wa 1560. Mwaka wa 1828 Wajerumani wawili wa Heidelberg, Posselt na Reimann, waliitenga peke yake, nayo ni sumu kali.

Kisha yakaja makanisa. Wamisionari wa C.M.S. walianza kazi Nassa, ufukoni mwa Ghuba ya Speke, mwaka wa 1888, na mwaka wa 1909 mahali pale pakashikwa na Africa Inland Mission. Hao walimkataza Mkristo pombe na tumbako pia. Waadventista, waliofika Gendia upande wa Kenya mwaka wa 1906, walikataza vivyo hivyo. Mapadre Weupe, waliokaa Bukumbi tangu 1883, hawakuhesabu kiko kuwa dhambi. Basi iliwezekana katika ukoo mmoja ndugu huyu akatengwa na Meza ya Bwana kwa ajili ya ugoro, na yule akatoka Misa huku akijaza kiko chake. Na hata miongoni mwa waliokatazwa, kila mzee wa kanisa amewaona watu wa namna mbili: aliyeacha siku moja asirudie tena, na aliyetubu kwa machozi, kisha akakutwa tena nyuma ya ghala. Wa pili aliambiwa imani yake ni haba. Mimi naona hukumu hiyo ilitolewa kabla ya kumsikiliza shahidi mmoja, yaani ini.

Mama apikaye togwa analijua jambo hili. Uji ni mzito. Akiisha kupoa kidogo, mama hutia kimea, na baada ya muda uji umekuwa mwepesi na mtamu. Ndani ya kimea mna vitenda-kazi vidogo mno viitwavyo vimeng'enya, ambavyo huukata wanga kuwa sukari, wala vyenyewe haviishi kwa kazi ile. Uji ukiwa wa moto mno huharibika, ndiyo sababu mama husubiri. Katika ini la mtu mna vimeng'enya vya kila namna, na kimoja, ambacho wataalamu wamekipa alama CYP2A6, ndicho kiikatacho nikotini. Katika kila sehemu mia za nikotini, sabini hata themanini hugeuzwa kuwa kotinini, isiyo na ukali ule. Kwa kadiri ya saa mbili nikotini iliyo katika damu hupungua nusu. Kotinini hukawia, yapata saa kumi na sita, na kwa hiyo waganga huitafuta katika mkojo wakitaka kujua kama mtu amevuta.

Lakini kimeng'enya hicho si sawa kwa watu wote, maana tumekirithi kwa baba na mama. Wako Wajapani wasio nacho kabisa, na miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika wengi wanacho cha kazi ya polepole. Aliye na kimeng'enya chepesi huishiwa nikotini upesi, mwili ukadai tena. Huyo huvuta sigara nyingi, na kuacha humwia vigumu zaidi. Aliye na cha polepole hutosheka na chache.

Hata udongo una wenye kazi hiyo. Katika shamba la tumbako huko China wataalamu walipata bakteria aitwaye Pseudomonas putida, ambaye hula nikotini kama sisi tulavyo ugali. Mwaka wa 2015 wataalamu wa California walikichukua kimeng'enya chake, NicA2, wakakitia katika damu ya panya iliyotiwa nikotini: ile iliyohitaji saa mbili au tatu kupungua nusu ikapungua kwa dakika 9 hata 15. Waliwaza ya kuwa nikotini ikivunjwa katika damu kabla haijafika kwenye ubongo, sigara haitampa mtu furaha yoyote. Baadaye panya wazima walijaribiwa. Dawa ya watu bado haijapatikana.