Unywaji wa maji wa paka

Unywaji wa maji wa paka ni namna paka-kaya (Felis catus) anavyopata, anavyochagua na anavyonywa maji. Paka hunywa kidogo kuliko wanyama wengi wanaofugwa nyumbani, tena huchagua. Anaweza kuliacha bakuli alilowekewa akaenda kunywa kwenye ndoo ya kufulia, kwenye sahani ya chungu cha maua au kwenye bomba linalovuja. Wenye nyumba wengi huiona tabia hiyo kuwa deko tu. Kwa kweli ina mizizi katika maumbile yake, na paka asiyepata maji ya kutosha kwa muda mrefu anaweza kupata maradhi ya kibofu ambayo huua.

Asili

Paka-kaya ametokana na paka-pori wa Afrika (Felis lybica), mnyama anayeishi hata katika maeneo makavu sana. Maji yake mengi huyapata katika mawindo: mwili wa panya au ndege mdogo ni maji kwa takriban asilimia 70. Figo za paka zina uwezo mkubwa wa kubana maji yasipotee, kwa hiyo mkojo wake ni mzito na wenye harufu kali. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1959, paka waliolishwa samaki au nyama peke yake waliweza kutosheka na maji yaliyomo ndani ya chakula hicho.

Urithi huo una upande wake mbaya. Kiu ya paka huchelewa kuja. Mbwa aliyepungukiwa na maji huyatafuta mapema na kunywa mengi kwa mkupuo mmoja, lakini paka huenda taratibu na huenda asifidie yote yaliyopungua.

Paka mzima wa kilo 4 huhitaji takriban mililita 200 hadi 250 za maji kwa siku, ukijumlisha ya kunywa na yaliyomo katika chakula. Hapo ndipo aina ya chakula inapoleta tofauti kubwa. Gramu 250 za chakula cha kopo, ambacho huwa na maji asilimia 75 au zaidi, zinampa karibu mililita 190. Gramu 60 za chakula kikavu cha punje, chenye maji yasiyozidi asilimia 10, zinampa mililita 6 tu. Paka anayekula chakula kikavu huongeza kunywa, lakini kwa kawaida jumla ya maji anayopata hubaki chini kuliko ya yule anayekula chakula chenye majimaji. Paka wa nyumbani anayelishwa dagaa wakavu yumo katika hali hiyohiyo, tena kwa chumvi.

Jinsi paka anavyokunywa

Paka hana mashavu ya kumwezesha kufyonza maji kama binadamu au ng'ombe. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba huyachota kwa ulimi kama kwa kijiko. Mwaka 2010 Pedro Reis, Roman Stocker, Sunghwan Jung na Jeffrey Aristoff walichapisha katika jarida la Science maelezo tofauti, yaliyotokana na picha za video za mwendo wa kasi. Paka hukunja ncha ya ulimi kwa nyuma na kuigusisha juu ya maji tu, bila kuyazamia. Anapouvuta ulimi juu kwa kasi, maji humfuata kama mnara mwembamba, naye hufunga mdomo kabla mnara huo haujaanguka. Hufanya hivyo zaidi ya mara 3 kwa sekunde, na kila mara hupata tone la takriban sehemu moja ya kumi ya mililita. Simba na jamaa wengine wakubwa wa paka hutumia njia hiyohiyo kwa mwendo wa polepole zaidi. Mbwa huuingiza ulimi ndani ya maji kwa nguvu, ndiyo maana sakafu hulowa anapokunywa.

Maji anayopendelea

Paka wengi huvutiwa na maji yanayotiririka. Maelezo ya kawaida ni kwamba maji hayo yana sauti na yanameremeta. Paka haoni vizuri kitu kilicho karibu sana na pua yake, na uso wa maji yaliyotulia ndani ya bakuli humpa shida kuuona. Wengine huyatikisa kwanza kwa mguu. Hata hivyo, majaribio ya kulinganisha bakuli na vyombo vya umeme vinavyozungusha maji hayajaonyesha kwamba kila paka hunywa zaidi kwenye vyombo hivyo. Wapo wanaovipenda na wapo wanaoviogopa. Kabla ya kununua chombo cha bei, inafaa kumjaribu kwa bomba lililofunguliwa kidogo.

Harufu ni jambo zito zaidi. Maji ya bomba yenye klorini nyingi hukataliwa na baadhi ya paka. Yakiachwa usiku kucha kwenye chombo kipana, sehemu ya klorini hutoka. Bakuli la plastiki huchubuka, hushika harufu na uchafu, kwa hiyo la udongo lililopakwa rangi ya kioo, la glasi au la chuma kisichoshika kutu ni bora. Mabaki ya sabuni nayo humfukuza. Bakuli pana lililojazwa karibu na ukingo hupendwa kuliko lenye shimo jembamba, na husemwa kuwa ni kwa sababu sharubu haziguswi, ingawa sababu hiyo haijathibitishwa vizuri.

Mahali pa kuweka maji pana uzito wake. Yasiwe kando ya sanduku la mchanga ambamo paka hujisaidia, wala kwenye njia anayopita mbwa. Paka wengi wakiwa nyumba moja, bakuli moja halitoshi, kwa kuwa paka mwenye nguvu hulilinda na mnyonge hubaki na kiu bila mtu kujua.

Maziwa si badala ya maji. Paka wengi wazima hawana kimeng'enya cha kutosha cha kusaga sukari ya maziwa, na wakinywa huharisha, hivyo hupoteza maji zaidi. Mchuzi wa samaki uliochemshwa bila chumvi wala kitunguu, ukichanganywa na chakula, hufaa. Kitunguu ni sumu kwa paka. Hatari nyingine ni vidimbwi vilivyo chini ya magari: kulanti ya injini mara nyingi ina ethilini glaikoli, na kiasi kidogo tu huharibu figo na kuua.

Maji na maradhi

Mkojo mzito unaokaa muda mrefu kibofuni huweza kuunda chembechembe na mawe. Tatizo hilo ni la hatari kubwa kwa paka dume, hasa aliyehasiwa na mnene, kwa sababu mrija wake wa mkojo ni mwembamba. Ukizibika, paka huenda mara kwa mara kujisaidia, hujikamua, hulia na kujilamba chini, lakini hutoa matone tu au hatoi kitu. Watu wengi hudhani amefunga choo na humpa mafuta, siku ikapita. Sumu iliyopaswa kutoka kwa mkojo hujaa katika damu, na paka asipozibuliwa na daktari wa mifugo anaweza kufa ndani ya siku 2 au 3. Kumlazimisha kunywa wakati huo hakumsaidii. Maji hufanya kazi yake kabla ya ugonjwa.

Kinyume chake pia ni dalili. Paka mzee aliyezoea kunywa kidogo, kisha akaanza kumaliza bakuli kila siku, hapaswi kupongezwa. Huenda ana maradhi ya figo, kisukari au tezi dundumio inayofanya kazi kupita kiasi.

Katika pwani ya Afrika Mashariki

Katika miji ya Waswahili kama Lamu, ambako paka huzurura kwa wingi, wanyama hao hunywa popote penye maji, pamoja na kwenye mabirika ya kutawadhia. Hadithi iliyomo katika Muwatta ya Imamu Malik inasimulia kwamba sahaba Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe, akieleza kwamba Mtume Muhammad hakumhesabu paka kuwa najisi. Kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi pwani, maji yaliyonywewa na paka hubaki tohara. Katika mabirika ya nyumba za kale za Lamu hufugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, kwa hiyo si kila paka anayeinama pale amefuata maji.