Raba Sita

Pikipiki ni Triumph Bonneville ya 1967, sisi 650, na mwenyewe ni mzee jirani yetu. Aliinunua kwa Mwingereza aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Mwaka huu ilianza kugonga. Ukiweka gia ya kwanza unasikia ngo! Ukiachilia klachi, inaruka kama punda aliyeguswa na kaa la moto.

“Sanduku la gia limekufa,” nikasema, kwa ujasiri wa mtu aliyesoma uhandisi mwaka mmoja na nusu kabla ya karo kumtoa chuoni.

“Kijana, gia hazina neno,” mzee akajibu. “Ni raba. Lete bisibisi.”

Wengi wetu tunazijua raba za aina hii bila kujua kwamba tunazijua. Kwenye nduthi za boda ziko ndani ya hab ya gurudumu la nyuma. Injini haisukumi kwa ulaini. Inasukuma kwa mapigo, pigo moja kila mafuta yanapolipuka, na bila kitu laini katikati, mapigo hayo yangefika yote kwenye meno ya gia na kwenye cheni. Triumph za zamani zilikuwa na springi ya kupokea mapigo hayo kwenye ncha ya krenki. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alteneta ikachukua nafasi hiyo, kazi ya springi ikahamia katikati ya klachi, na ikapewa raba.

Tulimwaga oili, tukafungua kifuniko cha kushoto, tukatoa springi tatu na sahani zote za klachi. Ndani kabisa kuna kitu kama nyota ya mabawa matatu. Kila bawa limebanwa na raba mbili: kubwa hupokea msukumo wa injini, ndogo hupokea unaporudi. Jumla ni sita. Zetu zilitoka vipande vipande, nyeusi, laini kama ugali uliolala kwenye maji.

“Hizi zilitoka wapi?” nikauliza.

“Uingereza. Si kila kitu ni cha Uingereza?”

Lakini Uingereza haioti mpira. Nilirudi nyumbani na swali hilo, na kwa wiki mbili tulizongoja raba mpya zije kwa posta, nilikuwa nikisoma.

Neno lenyewe limekaa kwetu siku nyingi. Mpira ni kile unachopiga uwanjani, ni kile kinachovutika, na pia ni mmea. Katika misitu ya pwani yetu kuna mtambaazi unaotoa utomvu mweupe. Wanasayansi wanauita Landolphia kirkii, kwa jina la John Kirk aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar. Karne ya 19 ikielekea mwisho, mpira wa mitambaazi hiyo ulikuwa ukisafirishwa kutoka pwani hii kwenda Ulaya.

Kisha mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, akasajili tairi lake la upepo. Baiskeli zikawa homa. Coventry, mji wa baiskeli, Mjerumani aitwaye Siegfried Bettmann alikuwa na kampuni yake changa, Triumph, ambayo ilitoa pikipiki yake ya kwanza mwaka 1902. Kila tairi lilihitaji mpira, na Kongo, iliyokuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji tangu 1885, ilikuwa imejaa mitambaazi ya jamaa hiyo hiyo.

Vijiji vya Kongo vilipewa kiwango cha mpira cha kuleta. Wanawake walifungwa hadi waume zao warudi na kilo zinazotakiwa. Wasiofikisha walichapwa viboko, wengine waliuawa, na askari walikata mikono kuonyesha kwamba risasi hazikupotea bure. Mwaka 1904 mmishenari Alice Seeley Harris alipiga picha ya baba mmoja, Nsala, ameketi barazani akitazama mkono na mguu wa binti yake Boali, mtoto wa miaka mitano. Ndivyo tu vilivyobaki kwake.

Kilichopunguza thamani ya mpira wa msituni hakikuwa huruma peke yake. Mwaka 1876 Henry Wickham alikuwa ametoa mbegu za mpira Brazili na kuzipeleka London, na baadaye miti hiyo ikajaa mashamba ya Malaya. Mpira wa Asia ukashusha bei dunia nzima mwaka 1913. Mashamba ya mpira ya Wajerumani huko Tanga yakaachwa kwenye magugu.

Halafu vita. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 ndege za Wajerumani ziliteketeza Coventry, na kiwanda cha Triumph kikaenda nacho. Kipya kikajengwa Meriden, nje ya mji, kikaanza kazi mwaka 1942. Mwaka huo huo Japani iliteka Malaya, na Waingereza na wenzao wakakosa sehemu kubwa ya mpira wao. Wakatugeukia tena. Kongo, siku za kazi ya lazima zikapandishwa hadi 120 kwa mwaka. Tanganyika, watu waliandikishwa kwa nguvu kwenda kugema ile miti ya zamani. Miti ya aina hiyo bado ipo. Majani yake watu huyapika, kisamvu cha mpira.

Raba mpya zilipofika hazikuwa na utomvu wa mti wowote. Ni nitrile, mpira wa maabara waliouvumbua Wajerumani miaka ya 1930, usiovimba ukikutana na oili. Tuliingiza zile kubwa tatu kwanza. Kisha mzee akazungusha nyota kwa chuma kirefu, akakaza meno, nami nikasukuma ndogo kwenye nafasi iliyofunguka. Hakuna grisi, maji ya sabuni tu. Ya mwisho ilininyima ngozi ya kidole.

Meriden ilifungwa mwaka 1983. Habari zake ziko vizuri kwenye vitabu. Utaambiwa Bonneville ilipewa jina la uwanda wa chumvi wa Marekani ambako mwaka 1956 Johnny Allen alikimbiza chombo chenye injini ya Triumph karibu kilomita 345 kwa saa. Jina lake limehifadhiwa, na kasi yake. Waliogema hawamo. Jina la Boali tunalo kwa sababu baba yake alibeba alichoachiwa hadi mahali palipokuwa na kamera.

Nilimweleza mzee haya yote tukifunga kifuniko. Hakusema kitu. Alipiga kiki mara mbili, ikawaka, akaweka gia ya kwanza. Kimya. Akatoka polepole getini.

Vile vipande vya zamani nilidhani atavitupa. Aliporudi, aliviokota sakafuni kimoja kimoja, akavitia kwenye mkebe wa Kimbo, akauweka rafuni.